Treni ya Jeshi Iliyokwama Mikumi

Mmeniuliza kwa zamu, kila mmoja akija mezani kwangu na saa isiyo na ubovu wowote, nilikwendaje na nilirudi na nini. Nimeona ni nafuu niandike mara moja, msome, kisha mniachie nafasi ya kufanya kazi. Habari za tiketi naziruka. Naanza na sababu, maana wengine mnajua nusu tu.

Shemeji yangu Athumani, mume wa dada yangu, mnamjua. Wengi wenu mnamwita Nduli, jina tulilompa adui wakati wa vita vya Kagera, naye amelizoea kiasi kwamba akiitwa Athumani hugeuka kutazama nyuma. Alilipata kwa sababu wakati wa vita alikuwa mtu wa reli pale Mikumi, treni ya jeshi ikakwama mikononi mwake kutwa nzima, akakamatwa kwa hujuma na kuachishwa kazi. Kwa miaka kama ishirini hajasema lolote juu ya siku ile.

Mwaka huu binti yake Zuhura aliposwa na kijana wa Sajini Maganga, mstaafu wa jeshi. Sajini mwenyewe alileta barua. Tulikunywa chai, tukasifiana watoto, mpaka alipomuuliza Athumani wakati wa vita alikuwa stesheni gani.

"Mikumi," Athumani akasema.

Sajini akaweka kikombe chini. "Mimi nilikuwa kwenye treni ile. Kumbe ni wewe."

"Ni mimi."

"Kwa nini uliisimamisha?"

"Sababu imeandikwa kwenye kitabu cha treni. Kasome."

Sajini akaikunja barua ya posa na kuirudisha mfukoni. Mlangoni aliniambia, "Fundi, wewe ndiye mjomba mtu na wewe ndiye msomaji. Kakitafute hicho kitabu. Nitangoja mpaka urudi. Ukirudi mikono mitupu, mwanangu ataoa kwingine."

Zuhura alinifungia chapati nne. "Mjomba, nenda. Baba hatasema, na yule mzee hatasahau."

Basi nikafunga meza, nikachukua daftari, futi ya kupimia, lenzi yangu ya jicho na tochi.

Tabora mpaka Kilosa

Mnajua maoni yangu. Watu husimulia vita kwa majina ya mashujaa, mimi huuliza walifikaje huko. Jeshi ni mdomo mkubwa wenye bunduki, na mdomo huo hulishwa na reli. Wajerumani walilijua hilo. Katika Vita Kuu ya Kwanza, walipokuwa wakiwakimbia Waingereza kwenye njia yetu hii ya kati, walivunja madaraja nyuma yao. Waingereza wakavika magari madogo magurudumu ya reli na kuendelea kubeba unga. Historia ya vita ile kwenye eneo hili ni habari ya unga kwa sehemu kubwa.

Nilimweleza hayo jirani yangu kwenye behewa la daraja la tatu, mwanamke mwenye marobota mawili ya mitumba ambayo yalikuwa yamekalia nafasi yangu. Aliniambia vita tulishinda kwa ujasiri.

"Ujasiri haupandi mlima wa Saranda bila injini," nikasema.

"Na sisi je, tutaondoka lini?" akauliza.

Hilo lilikuwa swali la haki, kwa kuwa tulikuwa tumesimama chini yake tangu asubuhi. Kichwa cha treni kilikuwa kimechoka, na cha kukisaidia kilikuwa kinatoka Dodoma kwa mwendo wake. Tulikula kuku wa Saranda. Ni kuku mwenye misuli. Nadhani naye hupanda ule mlima kila siku. Mwanamke alisema kama huu ndio usafiri uliowapeleka wanajeshi, basi adui alishindwa kwa kuchoka kungoja. Nikaliandika hilo kwenye daftari.

Baada ya Gulwe tulisimama tena, maana mto Mkondoa ulikuwa umekula tuta la reli, kama unavyofanya kila masika, nao watu wa reli walikuwa wakilirudisha kwa makoleo. Nilishuka Kilosa nikiwa nimechelewa siku moja na saa tatu. Chapati zilikuwa zimeisha Manyoni.

Kilosa

Hapa nilifanya kosa. Nilishuka na daftari mkononi na futi ikining'inia mfukoni, na kabla ya kumsalimu mtu nikapima upana wa jukwaa. Nilikuwa nataka kujua treni ya magari ya jeshi ingeenea hapo au la. Sikufikiria kwamba siku hizi, mashirika yanapouzwa na wafanyakazi kupunguzwa, mtu wa makamo anayepima vitu bila kusalimu ana maana moja tu.

Stesheni masta alitoka ofisini anafunga vifungo vya koti. "Karibu sana, mheshimiwa. Tulikuwa tunakutegemea wiki ijayo."

"Mimi ni fundi saa," nikasema. "Natoka Tabora."

"Ndiyo, ndiyo," akasema, akimkonyeza karani. "Fundi saa."

Nilipelekwa kula. Wali wa nazi, samaki perege na mchicha, kwa mtu mmoja. Wakati nakula, watu walipita mlangoni mmoja mmoja kunisalimu, na kila mmoja alitaja miaka yake kazini bila kuulizwa. Mpakizi mwenye mvi aliniamkia shikamoo ingawa kwa sura tulikuwa rika moja. Niliitikia marahaba kwa aibu. Kisha akanyanyua gunia la mahindi, akaliweka begani, akazunguka nalo mara mbili mbele ya sahani yangu na kulirudisha mahali lilipokuwa.

"Nguvu ipo," akasema, akihema.

"Naiona," nikasema.

Nilipoomba vitabu vya treni vya Mikumi vya wakati wa vita, stesheni masta alikauka. Alisema ufunguo wa stoo uko kwa mtu aliyekwenda Kimamba. Kesho yake mtu wa Kimamba alikuwa amekwenda Morogoro. Nikaona nikikaa kimya ufunguo huo utafika Dar es Salaam. Ukutani palikuwa na saa kubwa ya stesheni iliyosimama saa nne na robo. Niliishusha bila ruhusa, nikavaa lenzi, nikaifungua, nikaisafisha na kuirudisha ikitembea. Ofisi nzima ilisimama kutazama.

"Kumbe kweli ni fundi saa," karani akasema.

Mpakizi mwenye mvi alinitazama kwa uchungu. "Ungesema mapema, ndugu yangu. Mgongo wangu umeharibika bure."

Sikumwambia kwamba nilisema mapema. Shikamoo yake hakuidai, wala mimi sikujua inarudishwaje.

Baada ya hapo stesheni masta alinipeleka stoo mwenyewe, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Ndani palikuwa na taa mbovu, bendera na mchwa. Vitabu havikuwapo.

"Viliondolewa tulipoambiwa tusafishe," akasema. "Muulize muuza karanga."

Mama wa karanga alikuwa nje ya lango. Karanga zake zilikuwa zimefungwa kwenye koni za karatasi ngumu yenye mistari ya bluu. Nikafungua ya kwanza: treni ya mizigo, jina la stesheni, saa ya kufika, saa ya kuondoka, sahihi. Nilinunua beseni zima. Nilikaa kwenye benchi kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri nikifungua koni, nikisoma, na kugawa karanga kwa kila aliyepita. Nilipata Kidodi, nilipata Mikumi ya mwaka mwingine, nilipata maelezo marefu ya mbuzi aliyegongwa. Siku niliyoitaka sikuipata.

"Hizo za vita ziliisha zamani," mama alisema. "Zilikuwa nzuri, hazipitishi mafuta."

Kwa hiyo shahidi pekee ambaye Athumani alimwamini alikuwa ameshaliwa na abiria. Nilikuwa na mikono mitupu kabisa, na Zuhura alikuwa Tabora ananingoja. Nikaamua kwenda Mikumi kuwatafuta wenye kumbukumbu.

Kilosa mpaka Mikumi kwa kiberenge

Treni ya tawi la Kidatu haikuwapo wiki ile. Stesheni masta, ambaye sasa alinipenda, alinipachika kwenye kiberenge cha gengi la matengenezo. Kwa wasiokijua, ni kigari kidogo cha injini kinachokwenda juu ya reli, wazi pande zote, nacho hukutikisa mpaka unakumbuka dhambi za utotoni. Kiongozi wa gengi aliitwa Kibwana. Habari kwamba mimi ni fundi saa ilikuwa haijamfikia. Kila nilipofungua daftari, vijana wake walishuka na kupiga nyundo kwenye mataruma yaliyo chini ya reli, ingawa hayakuwa na tatizo. Nilipogundua hivyo nililifunga, na safari ikaenda vizuri.

Tulisimama kijiji kiitwacho Ulaya kwa sababu ilikuwa siku ya gulio na Kibwana alitaka ndizi. Baiskeli zilikuwa zimepangwa kando ya reli kama ng'ombe mnadani. Baada ya Ulaya tulisimama tena, mara hii kwa tembo watatu waliokaa katikati ya njia. Kibwana alizima injini.

"Hatuwapigii honi?"

"Mwenye haraka na tembo ni marehemu," akasema, akamenya ndizi.

Hapo nilimweleza jinsi reli ya njia moja inavyofanya kazi vitani, jinsi treni isivyoweza kutoka stesheni bila karatasi ya kibali hata ikibeba jenerali. Alinisikiliza kwa adabu. "Baba yangu alikuwa gengi hili hili wakati ule," akasema. "Alisema malori ya jeshi yalikuja kwa barabara kutoka kusini, yakapandishwa treni Mikumi. Kuna treni moja ilikwama tangu alfajiri mpaka alasiri. Muulize Bi. Tausi. Yeye ndiye aliyewapikia."

Mikumi

Bi. Tausi ni mjukuu wa watu waliokuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, mama mnene mwenye sauti ya kuamuru. Zamani aliuza chakula stesheni. Leo ana nyumba ya wageni yenye vyumba vitatu nyuma ya reli. Nilimwamkia, akaitikia, akaniwekea ugali na mlenda kabla sijasema shida yangu. Nilipomtaja Athumani aliacha kusugua sufuria.

"Yu hai?"

"Yu hai. Watu wanamwita Nduli."

"Washenzi," akasema. Akakaa chini, akanieleza. Nayaandika kama alivyosema, nikiacha matusi.

Treni ilikuwa ya mabehewa ya wazi, lori juu ya kila behewa. Kabla ya kuondoka, kila behewa lilipitishwa chini ya fremu ya chuma, nguzo mbili na upau juu yake. Hicho ndicho kipimo cha kimo. Mzigo ukigusa upau, utagusa na daraja huko mbele, kwa hiyo hautoki. Hiyo ilikuwa kazi ya Athumani. Lori la tano liligusa. Juu ya maboksi na turubai kulikuwa na kitu kilichofungwa kwa kamba na kufunikwa blanketi za jeshi, na chini ya blanketi kulikuwa na kitanda.

"Kitanda cha hospitali?" nikauliza.

"Kitanda cha mninga, cha watu wawili. Sajini mmoja alikinunua kusini. Treni ilikuwa ipite kwao, akataka akishushe kwa mkewe ndipo aende vitani."

Athumani alisema kishushwe. Sajini alisema hakishuki. Akawaamuru askari watoe upepo kwenye matairi ili lori lishuke. Walitoa upepo kwenye lori la nne. Walipotambua, wakatoa na kwenye la tano. Likashuka, lakini upau bado uligusa kwa vidole vinne. Wakajaribu kuondoa maboksi ya chini, kitanda kikalala upande na kuzidi kwa upana. Kufikia saa sita mchana, askari mia kadhaa walikuwa wamekaa kivulini chini ya mabehewa wakitoa ushauri, na Bi. Tausi alikuwa amemaliza unga wa stesheni nzima. Mwishowe Sajini alikata kamba mwenyewe. Halafu ikabidi matairi manane yajazwe upepo, na pampu ilikuwa moja, ya mkono.

"Ndipo akaja ofisa kwa Landrova kutoka njia ya Iringa," Bi. Tausi alisema. "Mimi nilikuwa ofisini napeleka chai. Akauliza kwa nini treni iko hapa. Athumani akasema, mzigo ulizidi kimo, mkuu. Mzigo gani? Umeshashushwa. Wa nani? Athumani akamwambia, mimi natazama kimo, sitazami majina."

"Na Sajini?"

"Yuko behewa la mbali anapiga pampu. Hakusikia kitu. Ofisa akasema hii ni hujuma, akampakia Athumani kwenye gari. Nilimkimbilia dirishani nikamwambia, mtaje mwenye kitanda, mbona unakufa na mali ya watu? Akasema, dada Tausi, yule anakwenda vitani, mimi nabaki. Mwenye nafasi ya kufungwa ni nani?"

Nikayaandika yote kwenye daftari.

"Na kitanda?" nikauliza.

"Sajini aliniachia. Alisema akirudi atakichukua. Sijui jina lake. Utakilalia leo, chumba namba mbili."

Nilikwenda kabla jua halijazama. Kilikuwa kitanda kizuri, miguu ya kuchongwa, kichwa kirefu chenye maua. Nilipima kila kitu, kama nilivyokwisha kuipima ile fremu stesheni. Kisha nikajilaza sakafuni chali na kuingia chini na tochi, maana maseremala wetu huandika jina la mwenye kitu kwa penseli mahali pasipoonekana, ili mali ya mteja isichanganyike. Kwenye ubao wa tatu palikuwa pameandikwa: S/SAJINI MAGANGA. TABORA.

Bi. Tausi aliniona miguu tu mlangoni. "Fundi, umekufa?"

"Bado," nikasema. "Nasoma."

Kurudi

Kurudi nilipata treni iliyofika kwa wakati, jambo lililonikosesha muda wa kufikiri. Nilikuwa na ukweli unaomsafisha Athumani, lakini ukweli huo huo ulimvua nguo baba wa bwana harusi. Nikimsomea mbele ya wazee, Zuhura angeshinda kesi na kukosa mume. Kufika Tabora nilikuwa nimeamua kwenda kwake peke yangu.

Sajini alinipokea sebuleni. Mkewe alikuwa nyuma ya pazia anachambua mchele.

"Umekipata kitabu?"

"Kimeliwa na karanga," nikasema. "Lakini nimepata vipimo." Nikamsomea kimo cha fremu, urefu wa kichwa cha kitanda, vidole vinne, na ubao wa tatu. Kisha nikamsomea maneno ya ofisini na ya dirishani, kama Bi. Tausi alivyoyasema. Sikuongeza langu.

Alitazama mikono yake. "Nilikuwa kwenye pampu," akasema. "Niliona wanampakia. Nikasema moyoni, kumbe kweli alikuwa na lake, kimo kilikuwa kisingizio. Nilifurahi, Fundi. Nilikuwa na hasira ya kitanda."

"Ulikuwa hujui."

"Sikuuliza." Akainua macho. "Nilikuwa nakwenda vitani. Nilitaka mke wangu akikosa mume asikose kitanda."

Nyuma ya pazia mchele uliacha kulia kwenye ungo.

"Baba Ramadhani," sauti ya mkewe ikasema, taratibu sana. "Kitanda gani?"

Niliaga. Kuna mambo ambayo hata msimulizi hapaswi kuyasikiliza, ingawa niliyasikia mpaka nilipokata kona.

Jioni ile ile Sajini alifika kwa Athumani, barua ya posa mkononi, imekunjika vibaya. Hakukaa. Alisema mbele ya dada yangu, mbele yangu, na mbele ya Zuhura aliyekuwa amesimama mlangoni, "Treni ile niliichelewesha mimi."

Athumani aliipokea barua, akainyoosha juu ya goti. "Hukuichelewesha wewe," akasema. "Ilichelewa kwa kimo. Usiharibu kumbukumbu."

"Ulijua kuwa ni mimi?"

"Tangu siku ya kwanza. Sauti yako haijabadilika. Ulinigombeza kwa muda wa saa saba."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe uliuliza habari ya treni. Kitanda hukuuliza."

Dada yangu alicheka mpaka akakaa. Zuhura aliingia ndani, akarudi na chai, na ile chai niliona imetiwa sukari ya watu wanne.

Mkewe Sajini ametoa sharti moja: hakuna harusi mpaka kitanda kifike, maana amelalia cha kamba miaka yote hiyo na sasa anajua sababu. Kwa hiyo kama mmewatafuta wakwe hao wawili tangu Jumatatu na hamkuwaona, wako njiani kwenda Mikumi. Sajini alitaka kwenda peke yake. Athumani alikataa. Alisema mtu yule akiachwa na kamba atakifunga juu tena.